Titi Linapovimba, Kwenye Faili Kuandikwe Nini?

Tangu safu hii ilipogusa habari ya misimbo ya magonjwa, yaani herufi na tarakimu zinazowakilisha ugonjwa katika rekodi za hospitali, barua nyingi zilizotufikia zimehusu hali moja: titi lililovimba, likawa jekundu na la moto, likauma. Nimechagua barua nne, mbili kutoka kwa watu wa kazi hii, moja ya mgonjwa na moja ya mzazi. Misimbo nitakayoitaja ni ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, marekebisho ya 10, ambao wengi wetu tunauita ICD-10. Pale ninapozungumzia toleo la Marekani nitasema wazi, kwa kuwa matoleo hayo mawili hayafanani kila mahali, na anayeyachanganya huingia makosani bila kujua.

SWALI: Mimi ni ofisa kumbukumbu za afya na nimeanza kazi hivi karibuni. Mara kwa mara napokea faili la mgonjwa wa nje ambalo daktari ameandika "uvimbe, titi la kushoto", na chini yake ameandika dawa za antibayotiki. Mwenzangu mmoja huyapa mafaili hayo msimbo N63, mwingine huyapa N61. Yupi kati yao yuko sahihi?

JIBU: Kwa maandishi hayo peke yake hakuna aliye sahihi, kwa sababu hakuna kati yao anayeweza kujua daktari aliona nini. Neno "uvimbe" katika lugha yetu limebeba mambo mawili. Kuna uvimbe ulio kitu, yaani donge au kinundu kilichoota ndani ya titi, ambacho vidole hukigusa na kukizunguka. Kuna pia uvimbe ulio hali, pale titi zima au sehemu yake inapofura, ngozi ikang'aa na kupata joto, na mgonjwa asitake hata nguo impapase. Watu wanapoongea ana kwa ana tofauti hiyo huonekana katika mkono unaoonyesha na uso unaokunjamana, lakini wewe uliyeachiwa karatasi huoni mkono wala uso. N63 ni msimbo wa donge la titi ambalo bado halijajulikana ni nini. N61 ni msimbo wa magonjwa ya kuvimba kwa titi, yaani mastitisi (kuvimba kwa tishu za titi) na jipu, kwa mtu ambaye ugonjwa wake hauhusiani na ujauzito, kujifungua wala kunyonyesha. Msimbo wa kwanza unamwambia msomaji kwamba uchunguzi bado unadaiwa. Wa pili unamwambia kwamba ugonjwa umekwisha kutajwa. Mwanamke mwenye donge akipewa N61, kila atakayefungua rekodi zake baada ya miezi kadhaa ataamini kwamba donge lile lilikuwa maambukizi na kwamba lilitibiwa.

Nadhani mwenzako anayechagua N61 anaongozwa na antibayotiki zilizoandikwa chini. Naelewa kishawishi hicho, maana dawa hufanana na jibu. Hata hivyo, msimbaji, yaani anayeweka misimbo kwenye faili, haruhusiwi kuzalisha utambuzi wa ugonjwa kutokana na dawa, wala kutokana na jibu la maabara lililobandikwa kwenye faili, kama daktari mwenyewe hajauandika. Daktari anaweza kutoa antibayotiki kwa majaribio, akisubiri kuona kama hali itatulia, au akazitoa kwa ajili ya ugonjwa mwingine kabisa uliomleta mgonjwa siku ile ile. Faili kama hilo hurudishwa kwa daktari pamoja na swali la maandishi, na namna ya kuuliza ina uzito wake. Usiandike "Je, hii ni mastitisi?", kwa sababu daktari aliyechoka atajibu "ndiyo" na utakuwa umemwekea maneno mdomoni. Eleza kilichomo kwenye faili, kisha mwombe afafanue kwa kuchagua: ni donge lisilojulikana bado, ni mastitisi bila jipu, ni jipu, ni hali nyingine ambayo ataitaja, au haiwezekani kuamua kwa sasa. Chaguo hilo la mwisho lisiachwe kamwe, kwa kuwa mara nyingi ndilo lenye ukweli. Ikiwa daktari atajibu kwamba anachojua ni maumivu tu, upo msimbo wa maumivu ya titi, N64.4, na hakuna aibu yoyote kuutumia.

Akishakuthibitishia kwamba ni kuvimba kwa ugonjwa wala si donge, kazi yako bado haijaisha, kwa sababu swali linalofuata ndilo linalokosewa zaidi: je, mgonjwa ni mjamzito, amejifungua, au ananyonyesha? Kama jibu ni ndiyo, N61 inaachwa kabisa na unahamia kwenye sura ya ujauzito na uzazi, katika kundi la O91. Humo maambukizi ya chuchu ni O91.0, jipu la titi ni O91.1, na mastitisi isiyo na usaha ni O91.2. Wasimbaji wengi hudhani kundi hili linakoma siku 42 baada ya kujifungua, kwa kuwa hicho ndicho kipindi cha uzazi kinachotambuliwa katika uainishaji. Sivyo. Maelezo ya kundi hilo yanataja ujauzito, siku za uzazi na pia kunyonyesha. Kwa hiyo mama anayemnyonyesha mtoto wa mwaka mmoja na akapata mastitisi kwa sababu hiyo bado ni wa O91. Toleo la Marekani limeyatenganisha hata mambo hayo: mastitisi isiyo na usaha ni O91.22 katika siku za uzazi, na O91.23 inapohusiana na kunyonyesha nje ya siku hizo. Nimeona mafaili ambayo kila ukurasa unaonyesha kwamba mgonjwa ni mama wa mtoto mchanga, muuguzi ameandika, mkunga ameandika, lakini katika mstari wa utambuzi daktari ameweka neno "mastitisi" tu. Hilo nalo ni la kuulizia, na linaulizwa kwa sentensi moja.

Jambo la jipu nalo litazame kwa makini. Katika toleo la Shirika la Afya Duniani N61 haina tarakimu ya nne, hivyo mastitisi na jipu vyote vinaingia chungu kimoja. Marekani, walioanza kutumia toleo lao tarehe 1 Oktoba 2015, waliugawa msimbo huo mwaka mmoja baadaye: tangu tarehe 1 Oktoba 2016 mastitisi bila jipu ni N61.0, na jipu la titi na chuchu ni N61.1. Ukifanya kazi kwa toleo hilo, N61 peke yake haikubaliki tena. Ukifanya kazi kwa toleo la Shirika, msimbo hautakusaidia kutofautisha, na kwa sababu hiyo maneno ya daktari yanakuwa na thamani kubwa zaidi: jipu lilionekana kwa altrasaundi au kwa mkono, lilikuwa na ukubwa gani, usaha ulitolewa kwa sindano au kwa kupasua, na je, ulipelekwa maabara kuoteshwa? Kijidudu kikipatikana na daktari akakiandika kuwa ndicho chanzo, unaongeza msimbo wa pili. Kwa Staphylococcus aureus, anayeongoza katika maambukizi ya titi la mama anayenyonyesha, msimbo huo ni B95.6. Huo hauwezi kusimama peke yake wala kutangulia, unaufuata ugonjwa.

SWALI: Nina umri wa miaka 46 na sijanyonyesha kwa zaidi ya miaka kumi. Titi langu la kulia lilivimba na kuwa jekundu. Nilipewa antibayotiki, kisha nikapewa nyingine, na sasa ni wiki ya sita bila nafuu. Kwenye karatasi zangu zote imeandikwa N61. Safari ya mwisho daktari mwingine aliandika neno "saratani" akatanguliza alama ya kuuliza. Je, nimeshaandikwa katika rekodi kwamba nina saratani? Na N61 ile ya mwanzo ilikuwa uongo?

JIBU: Dada yangu, nitaanza na mwili wako, msimbo utasubiri. Titi lililovimba na kuwa jekundu kwa mwanamke asiyenyonyesha, lisilopata nafuu baada ya dozi kamili ya antibayotiki, linahitaji kupigwa picha na kuchukuliwa kinyama cha kupimwa, na halihitaji dozi ya tatu ya kubahatisha. Kama kipimo hicho bado hakijapangwa, rudi kliniki wiki hii hii na ukiombe kwa jina lake, biopsi, ya titi na ya ngozi iliyobadilika. Ipo aina ya saratani ya titi ambayo sura yake ni ya kuvimba. Seli zake huziba mishipa midogo ya limfu iliyo ndani ya ngozi, majimaji yanakwama, na ngozi inakuwa nene yenye vishimo vidogo mfano wa ganda la chungwa. Mara nyingi hakuna donge la kushikika, na mammogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, inaweza isionyeshe kitu cha wazi. Wataalamu huitambua kwa kasi yake, kwa kuwa dalili huwa zimejitokeza ndani ya muda usiozidi miezi 6, na kwa ukubwa wa eneo, kwa kuwa wekundu na uvimbe huwa vimeshika angalau theluthi moja ya titi. Ni aina adimu: nchini Marekani inakadiriwa kuwa kati ya asilimia 1 na 5 ya saratani zote za titi. Siandiki haya ili kukwambia kwamba unayo. Mastitisi inayokaidi dawa ina visababishi vingine, na kimoja nitakieleza katika jibu linalofuata. Naandika kwa sababu wiki sita ni nyingi mno kungoja.

Sasa kuhusu karatasi zako. N61 ya mwanzo haikuwa uongo. Daktari aliona titi jekundu lenye joto, akaandika alichoamini siku ile, na msimbo ukafuata maandishi yake. Kosa, kama lipo, ni kwamba safari ya pili na ya tatu msimbo ulinakiliwa kutoka safari iliyotangulia bila mtu kuandika upya kwamba dawa haijafanya kazi. Hili linanisikitisha kila ninapoliona, na naliona mara nyingi. Kila ziara inapaswa kuwa na utambuzi wake, na maneno "haikupata nafuu kwa antibayotiki, dozi ya kwanza siku kadhaa, dozi ya pili siku kadhaa" ni sehemu ya utambuzi huo sawasawa na jina la ugonjwa. Hakuna tarakimu ya ICD-10 inayosema hivyo. Yakikosekana maneno, daktari anayekupokea kwa mara ya kwanza ataona N61, N61, N61, na atadhani ni ugonjwa mwepesi unaojirudia.

Kuhusu alama ya kuuliza, jibu linategemea toleo linalotumika na mahali ulipotibiwa. Kwa miongozo ya Marekani, ugonjwa ulioandikwa kuwa "unashukiwa" au "huenda" hausimbwi kabisa kwa mgonjwa wa nje. Kinachosimbwa ni dalili, kama vile maumivu au mabadiliko ya titi. Mgonjwa aliyelazwa, akiruhusiwa kutoka huku shaka ikiwa bado imeandikwa, husimbwa kana kwamba ugonjwa umethibitika. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani nayo inasema kwamba hali kuu ikibaki kuwa ya kushukiwa mwishoni mwa matibabu, na hakuna maelezo mengine, isimbwe kana kwamba imethibitika. Lakini ikiwa uchunguzi umefanyika na shaka imeondolewa, kuna msimbo wa uangalizi wa ugonjwa uliodhaniwa, katika kundi la Z03. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba alama moja ya kuuliza imegeuka kuwa C50, msimbo wa saratani ya titi, kabla hujapimwa. Nenda ofisi ya kumbukumbu ukaombe kuona kilichoandikwa. Ikiwa si sahihi, daktari anaweza kurekebisha, na marekebisho halali hayafuti maandishi ya zamani: hupigwa mstari mmoja ili yasomeke, kisha yanaandikwa mapya, tarehe na saini. Usikubali karatasi ichanwe na kuandikwa upya, hata kama wanaofanya hivyo wana nia njema, kwa sababu historia ya wiki zako sita ndiyo hoja yako kubwa ya kutaka kupimwa haraka.

Kwa wenzangu wanaosimba, neno moja kuhusu saratani hiyo. Toleo la Marekani linatahadharisha chini ya N61 kwamba saratani ya aina hii haiingii humo. N61 na C50 haziwekwi pamoja kwa titi moja ikiwa kuvimba kwenyewe ndiko saratani. Katika ICD-10 ya Shirika haina msimbo wake pekee, inamezwa na C50, na ndiyo maana rejista za saratani huongeza msimbo wa aina ya seli, 8530/3, kwa kuwa bila huo haihesabiki peke yake. ICD-11, yaani marekebisho ya 11, iliyoanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, imeipa nafasi yake, 2C62, mbali na GB21 ambayo ni ya magonjwa ya kuvimba kwa titi.

SWALI: Mimi ni daktari wa upasuaji. Nina mgonjwa ambaye biopsi yake imeonyesha mastitisi ya granuloma. Nimeandika hivyo kwenye faili, lakini ofisi ya kumbukumbu imenirudishia mara mbili, kwanza ikitaka kujua ni titi lipi, kisha ikiuliza kama kifua kikuu kimeondolewa. Hospitali yetu inatumia toleo la Marekani. Je, haya ni mambo ya lazima au ni urasimu?

JIBU: Daktari, maswali yote mawili ni ya lazima, na ofisi yako inastahili shukrani. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1972, na kwa miongo mingi haukuwa na msimbo wake. Ulifichwa ndani ya mastitisi nyingine zote, kwa hiyo aliyetaka kujua wagonjwa ni wangapi hakuwa na pa kuwatafuta isipokuwa kusoma faili moja moja. Tarehe 1 Oktoba 2020 toleo la Marekani lilifungua kundi la N61.2, na tofauti na N61.0 na N61.1, hili linadai upande: N61.21 ni titi la kulia, N61.22 la kushoto, N61.23 yote mawili, na N61.20 ni pale upande haukutajwa. Hiyo ya mwisho ipo kwa ajili ya rekodi zisizo na jinsi. Wewe uliyemchoma mgonjwa sindano ya biopsi unajua upande, na ugonjwa huu una tabia ya kurudi, wakati mwingine upande wa pili. Rekodi isiyotaja upande haitaweza kusema baadaye kama ni ule ule uliorudi au ni mwingine.

Swali la kifua kikuu ni zito zaidi. Granuloma ni kifundo kidogo cha seli za kinga kinachoonekana kwa darubini, nacho kina visababishi vingi. Mastitisi ya granuloma isiyojulikana chanzo hutajwa baada ya kuondoa vile vinavyojulikana, na kifua kikuu cha titi ni kimojawapo. Kikithibitika, msimbo unahama sura nzima na kwenda A18, na tiba inahama nayo. Wagonjwa wengi wa mastitisi ya granuloma hupewa dawa za kundi la steroidi, ambazo hupunguza kinga ya mwili, na kumpa dawa hizo mtu mwenye kifua kikuu kisichotibiwa ni kumdhuru. Andika basi kilichofanyika: kipande kilipakwa rangi ya kutafuta bakteria wa kifua kikuu, kilioteshwa au kilipimwa kwa njia ya vinasaba, na majibu yalikuwa nini au bado yanasubiriwa. Ukiandika "mastitisi ya granuloma, titi la kushoto, kwa biopsi, vipimo vya kifua kikuu havikuonyesha kitu, fangasi hawakuonekana", msimbaji hatakurudishia faili, na daktari atakayempokea mgonjwa wako akiwa safarini atajua aanzie wapi.

Naomba uongeze jambo moja ambalo ofisi haikukuuliza. Andika kama mgonjwa anavuta sigara na kama tatizo liko karibu na chuchu. Kuvimba kunakozunguka mifereji ya maziwa chini ya chuchu, ambako kunahusiana sana na uvutaji, ni ugonjwa mwingine na hutibiwa kwa njia nyingine, na kutanuka kwa mifereji hiyo kuna msimbo wake, N60.4. Kwa macho na kwa altrasaundi hali hizi hufanana mno.

SWALI: Mwanangu wa kiume alizaliwa siku 9 zilizopita. Matiti yake yote mawili yamevimba kidogo, hana homa, ananyonya vizuri. Kwenye kadi wameandika P83.4, lakini ndugu yangu aliyesomea uuguzi anasema mastitisi ya mtoto ni P39.0. Nani amekosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea, wanazungumzia vitu viwili. P83.4 ni kujaa kwa matiti ya mtoto mchanga kunakotokana na homoni za mama zilizomfikia akiwa tumboni. Huwapata wavulana na wasichana, si maambukizi, na huisha kwenyewe baada ya wiki kadhaa. P39.0 ni mastitisi yenye maambukizi, na kwa maelezo yako mwanao hana dalili zake. Usiyakamue matiti hayo wala usimruhusu mtu mwingine kuyakamua, kwa sababu kukamua ndiko kunakoweza kuingiza vijidudu. Upande mmoja ukianza kuwa mwekundu, ukapata joto, ukatoa usaha, au mtoto akapata homa au kukataa kunyonya, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na ukifika hakikisha wameandika ni upande upi na ulianza lini.